Machungwa ya Muheza mpaka Dodoma: safari inapangwa kinyumenyume

Msimu mkubwa ukikaribia simu yangu haipumziki. Vijana wa hapa Muheza, wa Tanga mjini, hata wa Pangani, wote swali lao moja: "Mama, Dodoma machungwa bei gani?" Nawajibu, kisha nawauliza mie: gari lako litaingia sokoni saa ngapi? Hapo wengi hunyamaza. Bei atakutajia dalali yeyote kwa simu, tena bure. Kinachokula mtaji ni zile kilomita 550 na ushei baina ya mchungwa na soko, na hizo kilomita dalali hazijui. Mie nazijua kwa magoti, maana nimezipita miaka 15 nimekaa kiti cha katikati cha Fuso, goti moja linagombana na gia na jingine na dumu la maji.

Kwa anayetazama ramani, safari hii inakanyaga barabara kuu 4. Unatoka Muheza na T13 mpaka Segera. Segera unashika T2 kushuka Chalinze, Chalinze unaingia T1 mpaka Morogoro, Morogoro unachukua T3 mpaka Dodoma. Tanga mpaka Chalinze ni kilomita 245, ila sisi wa Muheza tunapunguziwa kama 35. Chalinze mpaka Morogoro ni 85 hivi, na Morogoro mpaka Dodoma 260 hivi. Njia ya mkato kupitia Handeni, Mziha na Turiani ipo, inatokea Magole karibu na Dumila, na kila dereva mpya anadhani kaigundua yeye. Nilipoipita mara ya mwisho kipande cha katikati kilikuwa vumbi na makorongo, machungwa yakafika yamechubuka kama yaliyopigwa mawe. Mie na mzigo siipiti.

Anza na saa ya kufika

Soko la Dodoma linaamka gizani. Wenye meza, wenye guta na wale wa kukamua juisi wanataka kununua kabla jua halijachomoza, na ikifika saa 2 asubuhi wanunuzi wazuri wameshaondoka. Wanaobaki ni wa kukuuliza "mwisho bei gani?" huku wanaangalia saa. Basi mie nataka gari liwe limesimama sokoni saa 11 alfajiri.

Kutoka hapo rudi nyuma. Sheria inaliruhusu gari la mzigo lenye uzito unaozidi tani 3.5 mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Weka vijiji, milima, mizani, chai na sala, utakuta Fuso lenye mzigo linakwenda kilomita 40 kwa saa ukigawanya safari nzima. Hiyo ni saa 14. Kwa hiyo nang'oa nanga Muheza saa 9 alasiri, na saa 8 mchana turubai liwe limeshafungwa. Faida nyingine ni kwamba mzigo unasafiri usiku, kwenye ubaridi. Ukiondoka asubuhi unapita Chalinze na Morogoro juani, machungwa yanajipika yenyewe ndani ya bodi.

Sasa hesabu ya uchumaji. Kuchuma na kupakia machungwa 40,000 kwa asubuhi moja hakuwezekani kwa kikosi changu. Nusu tunachuma jana yake alasiri, yanalala chini ya mti juu ya nyasi kavu. Nusu ya pili tunaanza saa 3 asubuhi, umande ukishakauka. Usikubali wachumaji wakuharakishe saa 12 kwa sababu wana kibarua kingine. Ganda lenye umande limejaa maji, ukilibana kidogo tu mafuta yake yanapasuka, na kesho yake unaona madoa ya kahawia yaliyobonyea. Mnunuzi wa Dodoma akiona yale madoa anasema ni ugonjwa. Huwezi kumshawishi.

Chungwa lililoanguka lenyewe halipandi gari. Liuze hapa hapa kwa mama wa juisi. Na lile linalochumwa libaki na kikonyo chake kidogo, maana likinyofolewa likaacha tundu, pale ndipo linapoanzia kuoza.

Jambo jingine ambalo waliozoea maembe na ndizi hulikosea: chungwa haliivi safarini. Likichumwa chachu, Dodoma litafika chachu. Pasua moja kila mti wa tano, uonje mwenyewe, usimtume mtu. Rangi isikuhangaishe. Huku kwetu pwani usiku ni wa joto, ganda linabaki kijani hata ndani kukiwa asali. Mie hubeba kisu na machungwa 20 ya kuonjesha, nikifika sokoni napasua kabla sijataja bei.

Kupakia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliposomea kwa ada kubwa.

Kwanza ujue uzito. Watu wa machungwa tunahesabu kwa mia na kwa elfu, mizani ya barabarani inahesabu kilo, na lugha hizi mbili lazima uzitafsiri mwenyewe. Pima machungwa 100 ya shamba lile lile unalonunua. Ya kwangu mara nyingi huja kilo 20. Elfu moja basi ni kilo 200, na 40,000 ni tani 8. Kuna nyongeza vilevile: mkulima akikupendelea anakuongezea 5 kila mia, unafurahi, unasahau kwamba kwenye 40,000 hizo ni machungwa 2,000, yaani kilo 400 zilizopanda gari bila kuandikwa popote.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya 2016, na kwetu Tanzania ilianza kutumika Machi 2019. Kwa Fuso la ekseli 2, ekseli ya mbele mwisho tani 8, ya nyuma yenye tairi pacha mwisho tani 10, jumla 18. Juu ya hapo soma kadi ya gari lako, maana mtengenezaji anaweza kuwa ameruhusu pungufu. Na usisome jumla peke yake.

Mie nilisoma jumla peke yake. Tulikuwa tumepakia machungwa kama 52,000, tumeyamwaga bodi nzima bila kizuizi, na kwa hesabu yangu ya daftari tulikuwa chini ya tani 18. Kweli tulikuwa chini. Lakini kila mlima tuliopanda, machungwa yalikuwa yanabingirika kidogo kidogo kurudi mlangoni. Tulipopanda mizani ya Mikese, kabla ya Morogoro, ekseli ya nyuma ilisoma tani 10 na kitu kikubwa, ya mbele imekaa raha mustarehe. Kosa langu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Tuliegesha pembeni, tukatafuta makuli 4, na usiku ule tukayahamisha machungwa kwa ndoo kutoka nyuma kwenda mbele. Saa 3 nzima. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, alikuwa ameshika tochi ya simu, ananiambia, "Shangazi, haya tungeyapeleka Dodoma kwa kuyarusha yangeshafika." Tuliingia sokoni saa 4 asubuhi. Ile safari sikurudisha hata pesa ya gari.

Tangu siku ile bodi yangu ina vyumba 3. Mbao mbili zinakatisha bodi kwa upana, zimefungwa kwa nguzo na kamba, kila chumba na machungwa yake. Vyumba vinanifanyia kazi mbili: mzigo hauhami, na nimeshapanga saizi. Madogo mbele, yaani nyuma ya kabini, wastani katikati, makubwa mlangoni, ili mlango ukifunguliwa mnunuzi akutane na sura nzuri kwanza. Wengine wanasema huo ni ujanja. Mbona kila chumba nakifungulia na kila kimoja kina bei yake?

Chini na kwenye kuta tandika nyasi kavu. Narudia, kavu. Majani mabichi ya mgomba yanapendeza machoni lakini yanatoa unyevu na joto usiku kucha. Kimo cha machungwa kisipite kifua changu, na mie si mrefu, kwa sababu ya chini yanabeba ya juu. Katikati ya kila chumba nasimamisha matenga matupu mawili, moja juu ya jingine, yawe bomba la hewa. Wapakiaji watakucheka, watasema unapoteza nafasi. Waache wacheke. Chungwa linapumua hata likiwa limechumwa, na pumzi yake ni ya moto.

Turubai liwe la kitambaa, lisiwe nailoni. Lipandishe juu ya mbao 3 za kukatisha bodi ili lisilalie mzigo, upepo upite chini yake kutoka mbele kwenda nyuma. Mvua ikinyesha litalinda, likikauka litapumua.

Karatasi nitazipitia upesi. Ushuru wa mazao lipa kabla hujaondoka, uchukue risiti ya mashine, si kipande kilichoandikwa kwa kalamu. Picha yake iwe kwenye simu ya dereva na yako. Bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), leseni ya dereva yenye daraja la gari lile, pembetatu mbili, kizima moto. Ukiwa unakodi gari, viangalie siku 2 kabla, si wakati makuli wameshaanza kupakia na wewe huna tena sauti.

Diseli jaza Muheza. Gari ninalokodi hula kama lita 130 kwenda, likiwa na mzigo. Pesa ya njiani naigawa kwenye bahasha 3, na ile ya tatu dereva haijui.

Muheza mpaka Chalinze

Kipande cha Muheza, Hale mpaka Segera kichukulie ni cha kulipima gari. Segera simama dakika 10. Utingo azunguke tairi zote, aguse kila kitovu cha gurudumu kwa kiganja. Chenye moto kuliko wenzake kina neno, breki inang'ata au beringi inakufa. Kaza kamba upya, kwa sababu mzigo umeshajikalia na kamba zimelegea. Pale pale Segera ndipo njia ya Korogwe na Arusha inapoachana na yetu, na utawakuta vijana wanauza machungwa. Usiwaulize bei, utaumia bure.

Kisha Michungwani. Jina lenyewe linatuhusu, lakini pale hapana mchezo: kona na mteremko, na mabasi ya Arusha na Moshi yanakuja kama yanafukuzwa. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Dereva anayetoa gia mteremkoni ili aokoe mafuta, huyo mshushe Kabuku, mtafute mwingine. Sitanii. Mafuta anayookoa hayajazi hata kibuyu, na breki zikishika moto hakuna kitakachosimamisha tani 14.

Kabuku, Mkata, Manga, Mbwewe: kila mahali penye nyumba ni 50. Kibao cha 50 kinaanza kabla ya nyumba ya kwanza na kibao cha kuifuta kiko mbali baada ya nyumba ya mwisho, na tochi za trafiki za kupima mwendo hukaa hapo baina ya nyumba ya mwisho na kibao. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Mie dereva wangu nimemwambia wazi: faini ya mwendo inatoka kwenye posho yake, ya kitu kibovu cha gari inatoka kwa mwenye gari, na ya uzito inatoka kwangu. Tangu tulipokubaliana hivyo hatujapigwa tochi hata mara moja, alhamdulillah.

Ukiona matawi ya mti yamelazwa barabarani, hata mawili tu, punguza mwendo saa hiyo hiyo. Mbele kuna gari limekufa, aghalabu halina taa. Na ukiharibikiwa wewe, weka pembetatu zako, na matawi pia uweke. Ila ukishatengeneza uyaondoe! Nimeona matawi ya juzi yakimyumbisha mtu wa leo.

Wami zamani palikuwa mtihani. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, gari moja kwa wakati, unasubiri upande huu unamwangalia mwenzio anavuka. Daraja jipya lina mita 513.5 na magari yalianza kulipita 2022. Uzuri wa daraja umewaletea madereva wengine kiburi, wanaushukia ule mto kama wanashuka ngazi za msikitini wakichelewa sala. Mto ni ule ule.

Msata nafika saa 1 usiku, na hapa nafanya kazi muhimu kuliko kula. Napiga simu mbili Dodoma, kwa madalali wawili wasiojuana. Swali langu kwa kila mmoja ni: leo yameshuka magari mangapi ya machungwa, na yamebaki mangapi? Bei siulizi. Dalali akitaka uende atakutajia bei tamu, lakini idadi ya magari yaliyobaki ni ngumu kuidanganya watu wawili wakaafikiana. Wakiniambia yamelala magari 5 au 6, basi Msata kuna njia inakata kushoto, kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo, na kutoka hapo unaingia Dar kwa upande wa Bunju na Tegeta. Nimeshakata hapo mara mbili. Bei ya Dar ilikuwa ya kawaida tu, lakini mzigo uliisha. Ukipita Msata bado una Chalinze, unaweza kukata kwenda Dar kwa Kibaha. Ukipita Chalinze umeshaoa.

Chalinze

Saa 2 usiku, Chalinze. Pale zinakutana njia zetu za kaskazini na ile ya Dar inayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, kwa hiyo usiku ni kama mchana. Egesha mahali penye taa, mbali na majiko ya nyama. Utingo alale juu ya mzigo, asishuke mpaka dereva amerudi. Wezi wa pale machungwa hawana haja nayo, wanataka diseli, betri na tairi la spea.

Mie kabla ya Isha na kabla ya chai nafanya jambo moja. Napanda ngazi ya bodi, nafunua pembe ya turubai, nazamisha mkono katikati ya chumba cha kati mpaka kiwiko. Nautuliza mkono nihesabu 30. Machungwa ya juu yatakuwa baridi, hayo yasikudanganye. Kule chini ukisikia ubaridi wa mtungi, safari njema. Ukisikia uvuguvugu kama kitanda alichoamka mtoto, funua turubai nyuma na mbele, mzigo upate upepo mpaka Morogoro. Na ukisikia joto lenye harufu kidogo ya pombe, kuna yaliyopasuka ndani yanachacha. Itisha taa, chimba, yatoe hata kama itakula nusu saa. Siku moja mpwa wangu aliniona nimekunja uso na mkono bado umo ndani, akauliza, "Shangazi, ana homa?" Tangu siku hiyo kila tukifika Chalinze yeye husema twende tukampime mgonjwa.

Chalinze mpaka Morogoro

Kilomita 85, na kwangu ndizo ndefu kuliko zote. Malori ya makontena, matangi ya mafuta, mabasi ya usiku. Treni ya SGR ilipoanza kupeleka abiria Dodoma 2024 watu walisema barabara itapumua. Labda kwa wenye magari madogo. Mie bado nafuatana na mikia ya malori yale yale.

Ushauri wangu hapa ni mmoja: usilipite lori kwa sababu limekuwashia indiketa. Dereva wa mbele anakusaidia, na ni uungwana, lakini indiketa yake inaweza kuwa na maana anakata kona, au anamkwepa mwendesha baiskeli. Ichukue kuwa ushauri, si amri. Ukiwa na tani 8 za machungwa unahitaji njia ndefu sana kulipita lori refu. Kama huioni njia yote kwa macho yako, kaa nyuma. Dakika 10 unazopoteza hapo nimeshazihesabu kwenye zile saa 14.

Mizani ya Mikese usiikwepe wala usimsikilize anayekwambia ipo njia ya nyuma. Gari lolote la uzito wa tani 3.5 na zaidi lazima lipande. Panda polepole, usikanyage breki ghafla juu ya sahani, na omba karatasi yako.

Morogoro unapita Msamvu. Kila nikipita pale nakumbuka Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, na waliokufa walipita 100. Dereva yeyote aliyelikuta lori lile limelala angeweza kuwa mmoja wao. Ukikuta tangi la mafuta limeanguka, hata kama ni la mtu unayemjua, pita mbali, usizime gari karibu, usishuke kupiga picha.

Morogoro mpaka Dodoma

Dakawa kuna mizani tena. Kama ulipita Mikese salama na mbao zako zimeshika, hapa huna wasiwasi.

Dumila badilisha dereva. Itakuwa saa 6 na kitu usiku, na kinachofuata ni kupanda kuelekea Gairo katika saa zile ambazo usingizi hauombi ruhusa. Safari ya saa 14 si ya dereva mmoja, hata akikuapia. Mimi namlipa wa pili, anayelala tangu Segera. Mwenye mzigo naye asilale hapa. Mie humsemesha dereva habari za mashemeji, maana hizo haziishi.

Kama ni masika, usiondoke Muheza kabla hujauliza hali ya kipande hiki. Januari 2014 maji yalivunja daraja la Dumila, na Machi 2020 yakachukua barabara pale Kiegea, upande wa Gairo. Siku kama hizo magari yanapanga foleni pande zote mbili, na machungwa hayajui foleni. Bahati nzuri msimu wetu mkubwa ni wa kiangazi. Ule wa mwisho wa mwaka ndio wa kuangalia mawingu.

Gairo pana baridi ya kweli, Juni na Julai hata ukungu. Sie watu wa pwani tunacheka mpaka tunapofungua mlango. Beba koti la utingo. Funga turubai vizuri hapa, mzigo umeshapoa na hauhitaji tena upepo, na umande wa huko unalowesha tabaka la juu. Kibaigwa ni soko kubwa la mahindi, malori yanaingia na kutoka usiku bila taarifa, kaa kwenye 50 yako. Baada ya hapo ni Mbande, Chamwino, Ihumwa, barabara imenyooka, na kunyooka kwenyewe kunaleta usingizi.

Ukifika

Ukitokea mashariki unaanza kuikuta kata ya Nzuguni, lilipo soko la Job Ndugai. Soko la Majengo liko ndani mjini. Amua ukiwa Muheza unashusha wapi, kwa sababu kuzunguka na Fuso ndani ya Dodoma alfajiri ukitafuta bei ni kuchoma diseli.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia 2016 soko lile limekua, lakini lina kalenda yake. Bunge la bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji umejaa na juisi zinakwenda. Vyuo vikifungwa linapoa. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia msimu, peleka mara mbili kwa wiki.

Kabla ya kufungua mlango kubaliana mambo matatu na dalali, mbele ya shahidi: kamisheni yake ni ngapi kwa elfu, makuli analipa nani, na yaliyooza yanahesabiwaje. Kisha hesabu usimame mwenyewe, mia kwa mia, na weka chungwa moja pembeni kwa kila mia iliyokwisha. Wasalimie wenyeji kwa "mbukwenyi". Mgogo akisalimiwa kwa kwao hupunguza ukali wa bei, au angalau anakupa kigoda. Mie nafungua chumba cha makubwa kwanza, natoa bei yangu, nashikilia mpaka jua linatoka. Jua likitoka nafungua cha madogo kwa wenye juisi na naachia haraka. Saa 3 asubuhi nataka bodi iwe tupu.

Gari lisirudi tupu. Mzigo wangu wa kurudi ni mashudu ya alizeti kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Muheza na Tanga, wananisubiri. Ila kwanza utingo atoe nyasi zote, afagie, amwage maji, na bodi ianikwe jua la Dodoma mpaka saa 7 mchana. Maji ya machungwa yaliyopondeka yakigusa gunia la mashudu, ukifika Tanga limeota ukungu na mfugaji atakurudishia. Turubai nalo lianikwe pande zote mbili kabla ya kukunjwa. Na matenga ya bomba la hewa yahesabu, ni 6, ya kwangu yana rangi ya bluu mdomoni.